Askari, Mhariri, Mwanasiasa: Maisha ya Bildad Kaggia

Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya mtu mmoja kwa kupitia maneno matatu. Mtu mwenyewe ni Bildad Kaggia wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki dunia tarehe 7 Machi 2005. Maneno ni askari, mhariri na mwanasiasa, kwa kuwa kazi hizo tatu alizifanya zote, tena kwa mfuatano huo huo. Sababu ya kumchagua yeye ilitupata hapa hapa Mibirizi, nasi tutaanza nayo ili msomaji ajue swali letu limetoka wapi.

Tulikuwa tumefuatana na wanafunzi wetu katika mazoezi ya kufundisha. Somo la siku hiyo lilihusu vyombo vya habari. Mwalimu wetu mwanagenzi alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na msamiati wake ubaoni, na mkononi ameshika gazeti la Kiswahili lililoletwa na jamaa yake kutoka safarini. Akauliza darasa ni nani aliyewahi kusoma gazeti kama lile. Kimya. Hatimaye kijana mmoja wa viti vya nyuma akanyosha mkono, akasema kwa Kiswahili kizuri tu: "Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya askari na wachuuzi wa Kamembe. Gazeti la nini?" Darasa zima likacheka. Mwalimu mwanagenzi akatugeukia sisi tuliokaa nyuma na daftari za tathmini, akitarajia msaada. Hatukuwa na la kumwambia. Tuliandika "amelimudu darasa" tukaondoka, na tangu siku ile jambo hilo limetukaa rohoni.

Yapasa tukiri kwanza kwamba kijana yule ana historia upande wake. Katika pembe hii ya nchi Kiswahili kilikuja kimevaa viatu vya jeshi. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Shangi, kando ya Ziwa Kivu, si mbali sana na hapa. Askari wao Waafrika walitumia Kiswahili, na vyeo vyao viliitwa ombasha, shaushi na efendi, majina ya Kituruki yaliyopitia Misri na Sudani. Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, lakini wao walishika Kinyarwanda katika mafundisho, na Kiswahili kikabaki kwenye boma, kwenye soko na katika mitaa iliyotengwa kwa "Waswahili". Hata neno letu la Kinyarwanda umusirikare, yaani mwanajeshi, lina neno serikali ndani yake. Kwa macho ya babu zetu, serikali ilikuwa ni mtu mwenye bunduki, na mtu huyo alisema Kiswahili. Sheria ya mwaka 2017 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda haikuyafuta hayo kwa siku moja, na sisi walimu hatuna sababu ya kushangaa.

Swali letu basi ni hili: lugha iliyojifunzwa kwa amri za kambini inaweza kufanya kazi gani nyingine? Maisha ya Kaggia yanalijibu swali hilo vizuri kuliko nadharia nyingi tunazowasomesha wanafunzi.

ASKARI

Neno askari linatokana na Kiarabu askar, jeshi. Bildad Kaggia alizaliwa Dagoretti, karibu na Nairobi, baba yake akiwa mtu wa Murang'a aliyehamia huko kutafuta kazi. Alisoma shule ya misheni ya Kianglikana ya Kahuhia. Alifaulu kuendelea na sekondari, ila karo haikupatikana, akaishia kuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwaka 1940 akaingia jeshini.

Katika Vita Kuu ya Pili karibu vijana 100,000 wa Kenya walivaa sare za Mwingereza. Watu wa makabila yasiyoelewana kwa lugha walilazwa hema moja, wakafundishwa kwata kwa lugha moja, nayo ilikuwa Kiswahili, au tuseme aina yake iliyoitwa KiKAR kwa kufuata kifupi cha jina la kikosi, King's African Rifles. Wataalamu wa sarufi hukicheka KiKAR kwa kuwa kilichanganya ngeli na kufupisha vitenzi. Sisi pia tumewahi kukicheka. Lakini Mkamba, Mluo, Mgikuyu na Myao walipokaa jioni wakizungumza habari za nyumbani, walizungumza kwa lugha hiyo, na kwa mara ya kwanza wengi wao waligundua kwamba malalamiko yao yanafanana. Jeshi lenyewe liliwatolea gazeti la Kiswahili, likaliita Askari, ili kuwapa habari za vita kwa namna serikali ilivyotaka zieleweke. Hivyo maelfu ya vijana walizoea kambini jambo ambalo vijijini kwao lilikuwa nadra: kukaa chini na kusoma habari zilizochapwa kwa Kiswahili.

Kaggia alipelekwa Mashariki ya Kati. Akafika Misri, akafika na Yerusalemu. Kwa kijana aliyelelewa na misheni, safari ya Yerusalemu ilikuwa kama kuingia ndani ya kitabu alichokikariri tangu utoto. Kumbe huko alikuta Wakristo wa madhehebu mengi wenye desturi ambazo wamishonari wake hawakumtajia hata moja. Kisha akapelekwa Uingereza, akawaona Wazungu wanaofagia barabara na wengine wasiokanyaga kanisani kabisa. Tunafikiri hapa ndipo askari yule alipoanza kugeuka, ingawa hakuwa amegombana na mtu yeyote. Aliporudi Kenya mwaka 1946 alikuwa na swali moja lililomsumbua: kama nimedanganywa katika hili, nimedanganywa katika mangapi?

Jibu lake la kwanza lilikuwa la dini. Alianzisha kikundi cha Wakristo waliojitenga na makanisa ya wamishonari, watu wakakiita Dini ya Kaggia. Wakati huo huo aliajiriwa kuwa karani wa benki Nairobi, na huko alikutana na chama cha wafanyakazi.

MHARIRI

Hapa tungependa kutulia kidogo, maana neno hili lina utamu ambao wanafunzi wetu hawaujui.

Wengi hudhani kwamba kitenzi hariri kina uhusiano na kitambaa cha hariri, na kuna mwanafunzi mmoja aliyewahi kutuandikia katika mtihani kuwa mhariri ni mtu anayeyalainisha maandishi yawe kama hariri. Tulimpa nusu alama kwa ubunifu. Asili ya kitenzi hiki ni Kiarabu harrara, chenye maana mbili: kuandika au kuhariri, na kuacha huru. Muharrir kwa Kiarabu ni mhariri, na ni mkombozi pia. Tahrir ni uhariri, na ni ukombozi. Ndiyo maana uwanja maarufu wa Cairo unaitwa Tahrir, na Kiswahili kina tahariri, ile makala ya gazeti inayotoa msimamo wa mhariri. Katika mzizi huo huo kuna hurr, mtu asiye mtumwa, ambalo kwetu ni huru, na tukiongeza u- tunapata uhuru. Kwa hiyo mhariri na uhuru ni ndugu wa tumbo moja. Waswahili walipoyachukua maneno haya waliyaweka katika vyumba mbalimbali, nao wasemaji wakasahau kwamba ni ndugu.

Kaggia aliyakutanisha tena, bila shaka pasipo kujua Kiarabu.

Nairobi ya miaka ya 1945 hadi 1952 ilikuwa na magazeti mengi madogo ya Waafrika. Henry Muoria alianzisha Mumenyereri mwaka 1945. Mengi yalikuwa ya Kigikuyu, machache ya Kiswahili, na mengine yalichapwa katika mitambo ya Wahindi, kwa kuwa Waafrika wengi hawakuwa na mitambo. Wahindi nao walikuwa na mashaka yao. Girdhari Lal Vidyarthi, mwenye gazeti la Colonial Times, alifungwa kwa sababu ya yale aliyoyachapa. Tanganyika ilikuwa imetangulia: Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda, alianza kutoa gazeti lake la Kiswahili Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937. Magazeti ya namna hii hayakuwa na nakala nyingi, ila nakala moja ilisomwa na mtu mmoja kwa sauti na kusikilizwa na baraza zima. Tunawaomba wanafunzi wa fasihi simulizi walizingatie hilo. Gazeti la wakati ule lilikuwa maandishi yaliyosubiri sauti.

Kaggia aliingia uhariri kupitia chama. Alikuwa kiongozi wa chama cha makarani, akafanya kazi pamoja na Makhan Singh na Fred Kubai katika harakati za wafanyakazi. Serikali ilipomkamata Makhan Singh mwezi Mei 1950, ikamweka kizuizini kwa zaidi ya miaka 11, Kaggia ni mmoja wa waliobaki kuushika usukani. Mwaka 1951 yeye na Kubai walichukua uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, Kubai akiwa mwenyekiti na Kaggia katibu. Nyuma ya tawi hilo ilikuwapo kamati ya siri iliyoendesha viapo vya Mau Mau mjini, nayo Kaggia alikuwamo. Kamati hiyo ya Wagikuyu iliitwa kwa neno la Kiswahili: Muhimu.

Magazeti aliyoyahariri ni mawili, na tofauti kati yake ndiyo iliyotufanya tumwone kuwa mtu wa kufundishwa darasani. La kwanza liliitwa Inooro ria Gikuyu. Inooro ni jiwe la kunolea. Mwanafunzi wa isimu linganishi ataona mara moja kitenzi cha Kiswahili noa, na jina kinoo. Sisi kwa Kinyarwanda tumepotelea kwingine, tunasema ityazo. Lilikuwa gazeti la watu wa nyumbani, kwa lugha ya nyumbani. La pili liliitwa Afrika Mpya, nalo lilikuwa la Kiswahili.

Kwa nini mtu mwenye gazeti katika lugha yake, lenye wasomaji wanaoelewa kila fumbo, ahangaike na la pili? Fumbo la Kigikuyu lilikuwa na faida kubwa: afisa wa serikali alihitaji mfasiri, na mfasiri alihitaji muda. Gazeti la Kiswahili halikuwa na kinga hiyo. Maafisa wengi walikijua Kiswahili, wengine wamekisomea mtihani. Kuandika upinzani kwa Kiswahili ilikuwa sawa na kuongea huku mlango uko wazi. Lakini mlango huo ndio ulioingiza pia kuli wa bandari ya Mombasa, mfanyakazi wa reli kutoka Nyanza na askari wenzake wa zamani waliotawanyika kila wilaya. Mikutano ya wafanyakazi wa Nairobi ilikuwa na watu wa makabila mengi, nao hawakuwa na lugha nyingine ya kugombea mshahara. Kwa maoni yetu, uchaguzi wa lugha ulikuwa uchaguzi wa nani awe "sisi". Katika Inooro, "sisi" ni Wagikuyu. Katika Afrika Mpya, jina lenyewe linajieleza.

Hatutaki kumfanya malaika. Viapo vya Mau Mau vilikuwa vya jamii moja zaidi kuliko vya nchi nzima, na Kaggia alisimama pande zote mbili, mchana kwa Kiswahili, usiku kwa Kigikuyu. Baadhi ya wenzetu huona huo kuwa unafiki. Sisi tunaona kuwa ni hali ya kila mtu wa Afrika Mashariki mwenye lugha mbili, na anayebisha atazame jinsi anavyochagua lugha akimpigia simu mama yake na akimpigia simu mkuu wa idara.

Afrika Mpya halikuishi muda mrefu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo Kaggia akakamatwa pamoja na wengine wengi. Magazeti ya Waafrika waliopinga serikali yakapigwa marufuku. Muoria alikuwa London wakati huo. Hakurudi tena kuishi Kenya, na huko huko ndiko alikofariki mwaka 1997.

Watu sita, akiwamo Jomo Kenyatta, walipelekwa Kapenguria, mbali na mawakili na mbali na umati. Kesi ile ni somo zuri kwa wale wanaotaka kuwa wakalimani. Mkalimani wa kwanza wa mahakama alikuwa Louis Leakey, yule mchimbaji wa mifupa ya kale, aliyekisema Kigikuyu kama mzaliwa. Upande wa utetezi, ukiongozwa na D. N. Pritt, ulimpinga ukidai kwamba anapendelea, na mwishowe akajiondoa. Kuijua lugha vizuri hakukumfanya akubalike. Mkalimani huhitaji kuaminiwa na pande zote mbili. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote sita miaka saba ya kazi ngumu. Shahidi mmoja muhimu, Rawson Macharia, alikuja kukiri mwaka 1958 kwamba alidanganya.

Walipelekwa Lokitaung, jangwani Turkana. Mwaka 1958 barua iliyotiwa saini na wafungwa watano wa Lokitaung ilitoroshwa nje, ikachapishwa katika gazeti la The Observer la London, ikieleza hali yao ya maji, chakula na matibabu. Kaggia alikuwa mmoja wa hao watano. Kenyatta hakutia saini. Humo gerezani walikuwa wameshatofautiana naye, tena vibaya. Tunaitaja barua hii kwa kuwa inaonyesha tabia ya mtu: amenyang'anywa gazeti, amefungwa mahali ambapo kalamu ni kosa, bado anatafuta gazeti la mwenziwe la kuandikia. Mara hii kwa Kiingereza, maana aliyetakiwa kusikia alikuwa Mwingereza.

Njia hii ya kutoka jeshini kwenda gazetini kisha bungeni si ya Kenya peke yake. Huko Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, waliipita wengi. Joseph Pulitzer, mzaliwa wa Hungaria, alikuwa askari wa farasi katika vita hiyo, akaandikia gazeti la Kijerumani mjini St. Louis, na mwaka 1869 akachaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Missouri. Yeye pia alianza kwa lugha ya wenzake wahamiaji kabla hajaingia katika Kiingereza kilichompatia utajiri. Lakini Pulitzer alikuwa amepigania upande ulioshinda, na serikali ile ilikuwa yake. Kaggia alipigania Uingereza, akarudi akakuta Uingereza ndiyo inayomfunga.

MWANASIASA

Siasa nayo ni ya Kiarabu, na wanaoifuatilia huihusisha na kazi ya kutunza na kuongoza farasi. Katika Kiswahili cha zamani ilikuwa na maana ya upole na uangalifu: kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya taratibu, bila fujo. Maana hiyo imefifia sana. Kaggia alikuwa mwanasiasa kwa maana mpya. Kwa ile ya zamani hakuwa nayo hata kidogo, na huenda ndiyo iliyomponza.

Aliachiliwa mwaka 1961. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Kandara, wilaya ya Murang'a, akateuliwa msaidizi wa waziri katika Wizara ya Elimu. Kazi nzuri, gari, na heshima ya mfungwa wa Kapenguria. Kilichomharibia ni ardhi. Serikali mpya ilikuwa ikinunua mashamba ya walowezi, takriban ekari milioni moja, kwa fedha za mkopo, kisha kuwauzia Waafrika nao walipe polepole. Kaggia aliuliza kwa nini mtu auziwe ardhi aliyonyang'anywa. Alitaka wasio na kitu wapewe bure, na aliwatetea maskwota waliokuwa wakifukuzwa mashambani. Alisema hayo akiwa ndani ya serikali hiyo hiyo. Mwezi Mei 1964 Kenyatta alimwandikia akimtaka aache kuipinga serikali hadharani ama aondoke. Mwezi Juni aliondoka.

Msomaji wa Mibirizi ataielewa habari hii vizuri tukiongeza jambo moja kuhusu kahawa. Hapa kwetu kahawa ililetwa na misheni mwanzoni mwa karne ya 20, na aina moja ya mibuni bado inaitwa Mibirizi duniani kote. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wetu kuipanda. Wazee walikumbuka viboko vilivyoambatana nayo. Kenya mambo yalikuwa kinyume: Mwafrika alizuiwa kuipanda. Ruhusa ilianza kwa majaribio ya miaka ya 1930 huko Meru, Embu na Kisii, ikapanuka baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati ambapo Kaggia alikuwa akivunja mawe gerezani. Kwa hiyo shamba la kahawa, ambalo kwa babu yetu lilikuwa ishara ya kulazimishwa, kwa Mgikuyu wa mwaka 1963 lilikuwa ishara ya kufika.

Sasa ndipo tunaweza kuelewa uzito wa tukio la Aprili 1965. Rais Kenyatta alikwenda Kandara, jimboni kwa Kaggia, akamsema mbele ya watu wake. Aliwataja wenzao wa gerezani mmoja mmoja: Paul Ngei ana mashamba ya kahawa, Fred Kubai ana nyumba kubwa, Kung'u Karumba ana mabasi. Kisha akamwuliza Kaggia, tena na tena, yeye amejifanyia nini. Kwa wasikilizaji wengi lilikuwa swali la kuaibisha. Kaggia alilichukulia kama sifa, na watu wengi baadaye wamelisoma hivyo. Sisi tukiwa walimu wa mbinu za balagha tunalitumia darasani: swali moja, muulizaji akitarajia kicheko, nalo linaweza kugeuzwa na historia likawa cheti cha uadilifu kwa aliyeulizwa.

Mwaka 1966 Kaggia alijiunga na Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU, akawa naibu wa Odinga. Katiba ilibadilishwa ili wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo alishindwa Kandara. Mwaka 1968 alifungwa tena miezi kadhaa kwa sababu ya mkutano wa chama. Mwaka 1969 alirudi KANU, akagombea, akashindwa. Baadaye alipewa uenyekiti wa bodi za mazao, na mwaka 1975 ikachapishwa Roots of Freedom, kumbukumbu za maisha yake hadi mwaka 1963. Uzeeni aliendesha kinu cha kusaga mahindi.

Kuna jambo moja katika miaka yake ya ubunge ambalo waandishi wa siasa hulipita, nasi watu wa lugha hatuwezi kulipita. Bunge la Kenya wakati ule liliendeshwa kwa Kiingereza. Mtu asiyekijua hakuweza kuwa mbunge, na anayekijua hakuweza kutumia kingine. Kaggia aliyekuwa amewaita makuli na makarani kwa Kiswahili kabla ya uhuru, alipofika ndani ya jengo la uhuru wenyewe alilazimika kuwasemea kwa lugha ambayo wengi wao hawakuifahamu. Wale maskwota aliowatetea hawangeweza kukaa katika viti vya wasikilizaji na kufuata hoja yao inavyojadiliwa. Kiswahili kilikubaliwa bungeni mwaka 1974, kwa agizo la Kenyatta mwenyewe. Kaggia alikuwa ametoka bungeni miaka minane kabla.

Tulirudi katika shule ile muhula uliofuata, tukamwomba mwalimu wa darasa atuachie dakika 20. Hatukumhutubia yule kijana kuhusu umuhimu wa Kiswahili. Hotuba hizo amezisikia za kutosha. Tuliandika ubaoni maneno mawili, mhariri na uhuru, tukawauliza wanafunzi yana uhusiano gani. Walibahatisha sana. Kijana wa viti vya nyuma ndiye aliyeona kwanza kwamba herufi h na r zimo katika yote mawili, na akauliza kama na hariri ya kitambaa imo. Tulimwambia kwamba hata kwa Kiarabu herufi za mizizi ni zile zile, ila kitambaa ni habari nyingine. Kisha tukawasimulia habari za Kaggia, kwa kifupi kuliko tulivyoziandika hapa. Akauliza Afrika Mpya liliuzwa kiasi gani. Tukacheka sote, maana ni swali la mchuuzi, nalo lilikuwa swali zuri: gazeti huishi kwa wanaolinunua.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wamepewa kazi ya kuandika tahariri ya maneno 200 kwa Kiswahili, juu ya jambo lolote linalowahusu wakulima wa kahawa wa Rusizi, kwa namna ambayo mtu wa Bukavu au wa Kigoma ataielewa bila mfasiri. Watakaohitaji msaada wa msamiati wa kilimo waje ofisini siku za Alhamisi mchana. Tahariri tatu zilizo bora zitatoka katika toleo lijalo.